Usukani ukianza kucheza, usikimbilie alaimenti

Nemba. Abiria wa siti ya mbele kwenye gari kuukuu anaweza kuona jambo ambalo dereva mwenyewe ameshaacha kuliona. Barabara imenyooka, lakini mikono ya dereva haitulii: kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia tena. Akiulizwa, jibu lake huwa jepesi: “Mama, usiwe na wasiwasi, gari hili limezoea hivyo.”

Gari halizoei. Kilichozoea ni mikono ya dereva, ambayo wiki baada ya wiki imejifunza kufidia kile ambacho vyuma vya chini vimepoteza. Siku shimo likitokea ghafla au ng’ombe akikatiza, ndipo ile nusu sekunde ya kuzungusha usukani mtupu, kabla magurudumu hayajatii, inapoonekana thamani yake. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari husafiri mita 22 kila sekunde. Nusu sekunde ni mita 11.

Kwa familia za Nemba na maeneo mengine ya Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, hili si suala la wapenzi wa magari peke yao. Gari la zamani, liwe Land Rover ya mzee wa kijijini au Toyota iliyoingia nchini ikiwa imeshatumika miaka mingi, ndilo la kwenda mnadani, ndilo la kumpeleka mtoto shule ya bweni, na usiku ndilo la wagonjwa. Hata mpango wa m-mama, unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura kupitia namba 115 isiyo na malipo, hutegemea pia madereva wa kijamii wenye magari yao pale ambulensi isipopatikana. Mama aliyeshikwa na uchungu saa nane usiku hana nafasi ya kuchagua gari.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilikadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya tisa katika kila 10 hutokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Ni kweli kwamba mwendokasi, pombe na uchovu hubeba lawama kubwa kuliko vyuma. Lakini chuma kilicholegea kina nafuu moja: kinapimika nyumbani, kwa mikono, kabla ya safari.

Gari la zamani si gari baya

Umri peke yake si ugonjwa. Mwaka 1966 na tena 1967, Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mashindano ya Safari Rally akiendesha Peugeot 404, kwenye tope na vumbi la Afrika Mashariki ambalo wakati huo halikuwa na huruma kuliko la sasa. Land Rover za Series III zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, maana yake hata ile changa kuliko zote imefikisha miaka 40. Bado zinatembea. Oktoba 2024 zaidi ya Land Rover 1,000 za rika mbalimbali zilikusanyika Arusha, nyingi zikiwa zimefika kwa magurudumu yake.

Kinachoyaua magari haya ni matengenezo ya kubahatisha, na hapa ndipo wenye magari wengi hupoteza fedha. Gari likianza kuvuta upande mmoja au tairi likianza kulika, mwenye gari huambiwa, “Kafanye alaimenti.” Anapanga safari ya mjini kwenye mashine, analipa, anarudi, na baada ya mwezi tairi jipya limelika palepale.

Alaimenti ni kuyapanga magurudumu yatazame yanakotakiwa kutazama. Ni kipimo cha mwisho. Kama kuna kiungo kilicholegea, pembe iliyopimwa gari likiwa limesimama gereji siyo pembe itakayokuwapo barabarani. Mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki atalielewa hili haraka: huwezi kujua uzito wa mtoto kwa mizani inayoyumba. Kwanza utulize mizani.

Historia ya mgonjwa

Daktari mzuri huuliza homa ilianza lini na hupanda saa ngapi. Kwa usukani maswali ni yaleyale. Je, gari linavuta muda wote, au pale tu breki inapokanyagwa? Linatetemeka kwa mwendo wowote, au likifika mwendo fulani tu? Tatizo lilianza polepole, au siku moja baada ya kuingia shimoni? Usukani ni mzito, au ni mwepesi kupita kiasi?

Majibu hupunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Gari linalovuta breki inapokanyagwa tu lina tatizo la breki, na mara nyingi mgonjwa ni upande wa pili, kwa sababu gari huelekea upande ambao breki inashika na kuuacha ule ambao haishiki. Gari linalovuta muda wote huku gurudumu la upande huohuo likiwa la moto baada ya mwendo mfupi lina breki iliyoganda. Usiguse rimu kwa kiganja. Sogeza mgongo wa mkono karibu, joto utalisikia.

Mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani na kupotea ukipita hapo, mara nyingi ni wa tairi lisilo na balansi. Msimu wa mvua kuna sababu moja rahisi ambayo hata mafundi huisahau: udongo mwekundu hujibana upande wa ndani wa rimu, unakauka usiku, na asubuhi gurudumu lina kilo ya tope upande mmoja. Kabla ya kununua chochote, osha rimu kwa ndani. Wapo waliobadilisha vipuri vya fedha nyingi kwa tatizo la ndoo mbili za maji.

Barabara nayo hudanganya. Barabara nyingi zimeinamishwa kidogo pembeni ili maji yatoke, kwa hiyo gari linaloendeshwa upande wa kushoto huelea kidogo kwenda kushoto mikono ikilegezwa. Madereva wa Ngara wana njia ya kulihakiki hili ambayo wenzao wengi hawana. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, unahamia kuendesha upande wa kulia, na mwinamo wa barabara unageuka. Gari zima litaelea kushoto Tanzania na kulia Rwanda. Linaloelea kushoto pande zote mbili za mpaka, hilo ni gonjwa.

Kisha upepo. Tairi lenye upepo mdogo huvuta gari upande wake, na hili hupimwa asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto kipimo hupanda. Magari mengi yaliyotoka Japani yana karatasi ya vipimo kwenye fremu ya mlango wa dereva, imeandikwa Kijapani, na mwenye gari huipuuza. Namba zenyewe zinasomeka. Palipoandikwa 200 ni kilopaskali, sawa na paundi 29 kwenye geji zetu. 220 ni paundi 32.

Ikiwa upepo uko sawa na gari bado linavuta, hamisha matairi ya mbele: la kulia liende kushoto, la kushoto liende kulia. Mvuto ukihamia upande wa pili, mgonjwa ni tairi. Ukibaki palepale, endelea kutafuta.

Tairi lenyewe ni cheti cha mgonjwa, limeandika miezi yote iliyopita. Likilika kingo zote mbili na kubaki nene katikati, limekuwa likikosa upepo. Likilika katikati, lilijazwa kupita kiasi. Likilika ukingo mmoja tu, hapo pembe za magurudumu zina kesi. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja ni laini na ukirudi unakwaruza kama meno ya msumeno, magurudumu hayaendi sambamba. Tairi linaburuzwa kiubavu huku linazunguka.

Kutafuta kilicholegea

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata jeki. Gari lisimame kwenye matairi yake mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na mawe yamewekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Funguo iwashwe ili usukani usijifunge. Mtu mmoja auzungushe usukani kidogo kulia na kushoto, bila kufikia hatua ya kugeuza magurudumu. Aangalie ni umbali gani usukani unazunguka bure. Mafundi huuita mzunguko huo mtupu plei.

Kiasi gani ni kingi? Ukaguzi wa magari wa Uingereza, ulioanza mwaka 1960, una kipimo kinachosaidia hata huku. Kwa gari lenye reki ya usukani, kama Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990, plei isizidi milimita 13 ukipimia ukingoni mwa usukani wenye upana wa milimita 380. Kwa gari la boksi ya usukani, kama Land Rover ya zamani, kikomo ni milimita 75. Ndiyo, tofauti ni kubwa hivyo. Kwa hiyo dereva aliyetoka kwenye Land Rover akapanda Corolla yenye plei ya vidole vitatu akaiona nafuu, anadanganywa na mazoea.

Mzunguko mtupu ukigundulika, mtu wa pili aingize mkono na kushika viungo kimoja baada ya kingine wakati mwenzake anauchezesha usukani. Kiungo kizima hupitisha mwendo wote. Kilichokufa hupokea mwendo upande mmoja, na upande wa pili unachelewa. Vidole vinasikia mgongano mdogo. Anzia kwenye fimbo ya usukani, shuka hadi kwenye reki au boksi, kagua boliti zinazolishikilia kwenye bodi au chesesi, kisha malizia na tairodi endi za kila gurudumu. Tazama pia mpira unaofunika kila kiungo. Ukipasuka, vumbi letu jekundu huingia, huchanganyika na grisi na kuwa msasa.

Sasa jeki. Gurudumu la mbele likiwa juu, lishike kwa juu na chini, litikise. Kisha lishike kulia na kushoto, utikise tena. Likicheza kulia na kushoto peke yake, mshukiwa ni tairodi endi au reki. Likicheza juu na chini, ni beringi ya gurudumu, boljointi, au kingpini kwa magari yenye ekseli nzima. Kuzitofautisha kuna ujanja rahisi: mwenzako akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi, maana breki imeshikanisha gurudumu na kilichoibeba. Ukibaki, ni viungo vya nyuma yake.

Hapa familia inahitaji kuwa kali kuliko fundi. Mtu asiingize kichwa wala kifua chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kushikilia ni stendi za chuma, au gogo pana na gumu lililowekwa chini ya ekseli au chesesi. Matofali ya udongo hupasuka bila kutoa ishara. Na watoto, ambao hupenda mno kumsaidia baba kushika spana, wakae upande wa pili wa uwanja.

Viungo sita vya Land Rover

Kwenye Land Rover ya Series, kutoka boksi ya usukani hadi magurudumuni kuna fimbo tatu, na kila moja ina kiungo kila mwisho. Jumla ni viungo sita. Katikati ya safari hiyo kuna relei, chombo kilichozamishwa ndani ya chuma cha mbele cha chesesi kuhamisha mwendo kutoka fimbo ya kwanza kwenda ya pili. Kila kiungo kikilegea kidogo tu, haba na haba hujaza kibaba, na usukani unakuwa na robo mzunguko usio na kazi. Ndiyo maana kubadilisha kiungo kimoja kibovu kuliko vyote hakumridhishi mwenye gari. Hali inakuwa nafuu kidogo, basi.

Njia ya mkato inayotumika sana ni kukaza boliti ya marekebisho iliyo ubavuni mwa boksi ya usukani. Plei inapungua siku hiyohiyo na mteja anafurahi. Lakini kama tatizo lilikuwa kwenye viungo, boksi imekazwa kupita kiasi bure: usukani unakuwa mzito, unakataa kurudi wenyewe baada ya kona, na meno ya ndani yanasagana. Boliti hiyo iguswe mwisho, magurudumu yakiwa yametazama mbele, baada ya viungo vyote kuthibitishwa kuwa vizima.

Relei nayo ina sifa yake. Ikikauka mafuta, usukani huwa mzito kana kwamba gari limebeba mawe. Fundi asiyeijua asiifungue: ndani kuna springi kali iliyobanwa, na ikiruka inaweza kuvunja mkono au kutoboa jicho.

Ugonjwa unaotisha zaidi kwenye magari haya ni ule wa usukani kutikisika kwa nguvu ghafla baada ya kupita shimo au barabara yenye vigongo vidogo vidogo vilivyopangana. Gurudumu la mbele linapigapiga kulia na kushoto na usukani unataka kumtoka dereva mikononi. Mara nyingi chanzo ni kingpini zilizopoteza mkazo wake, zikisaidiwa na tairi lisilo na balansi na kiungo kimoja au viwili vilivyochoka. Kingpini hukaa ndani ya lile tufe la chuma linaloonekana nyuma ya gurudumu la mbele. Mawe na tope vikilikwangua, sili hukatika, mafuta huvuja, na kilichomo ndani hufanya kazi kikavu. Alama ya mafuta inayoshuka kwenye tairi kwa upande wa ndani si jambo la kufuta na kitambaa.

Chini zaidi kuna springi za vyuma vilivyopangana na yubolti zinazozifunga kwenye ekseli. Yubolti ikilegea au jani kuu la springi likikatika, ekseli nzima husogea, na gari hutembea kiubavu kama kaa. Ukiwa nyuma yake unaliona: magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Pima kwa futi ya kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Vipimo viwili vinatakiwa kulingana.

Ipo pia mikono ya fundi aliyetangulia. Tairodi iliyopinda ikanyooshwa kwa moto, kiungo kilichochomelewa, nati isiyo na kotapini, au yenye msumari uliokunjwa badala yake. Kwa mfumo mwingine wa gari, ubunifu wa aina hiyo unaweza kuvumilika hadi fedha ipatikane. Kwa usukani, hapana. Chuma cha usukani kilichochomelewa huvunjika bila kupinda kwanza, na kikivunjika hakuna kitu kingine kinachogeuza magurudumu.

Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama iliyobandikwa kwenye kioo inaonyesha kwamba gari lilikaguliwa siku ile. Kiungo kilichokuwa kizima siku ile kimeshapita mashimo mangapi tangu hapo?

Ndipo kamba na futi

Viungo vyote vikiwa vizima, sasa alaimenti ina maana, na kwa gari lenye ekseli nzima haihitaji kompyuta. Kwenye Land Rover hizi, mlalo wa gurudumu na mwegemeo wa kingpini havirekebishwi kabisa. Vilitoka navyo kiwandani. Vikionekana vibaya, kuna kitu kimepinda. Kinachorekebishwa ni kimoja: magurudumu ya mbele yanakaribiana kiasi gani kwa mbele kuliko kwa nyuma. Kipimo cha kiwanda ni milimita 1.2 hadi 2.4. Ni kidogo, unene wa sarafu hivi, lakini kikikosewa tairi hulika kwa maelfu machache ya kilomita.

Njia ya kupima ni hii. Nyanyua kila gurudumu la mbele, lizungushe huku umeshikilia msumari bila kutikisika, uchore mstari kuzunguka tairi lote katikati yake. Mstari huo unaondoa udanganyifu wa rimu iliyopinda. Shusha gari, lisukume mbele mita chache ili lijikalie. Kwa nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, weka alama ya chaki kwenye kila mstari na upime umbali kati yake. Lisukume gari mbele nusu mzunguko wa gurudumu. Alama zilizokuwa nyuma sasa ziko mbele, kwenye kimo kilekile. Pima tena. Kipimo cha mbele kiwe pungufu kwa zile milimita chache. Kama sivyo, legeza klampu za fimbo ndefu inayounganisha magurudumu mawili, izungushe kidogo, kaza, rudia kupima. Gari lisisukumwe kurudi nyuma kati ya vipimo, maana viungo vinalegea kuelekea upande wa pili na kipimo kinaharibika.

Kwa Corolla na ndugu zake, kila upande una tairodi yake. Zikizungushwa bila kulingana, gari litakwenda sawa lakini usukani utakaa umepinda, na dereva atarudi kulalamika. Magari hayo yana pembe nyingine ambazo kamba haizisomi vizuri, kwa hiyo baada ya viungo kubadilishwa safari ya kwenda kwenye mashine mjini ina faida.

Jambo moja kwa wenye usukani wa pawa kwenye milima ya Ngara. Ipo tabia ya kuzima injini na kutelemka ili kuokoa mafuta. Injini ikizimika, msaada wa usukani unakatika na ule wa breki unabaki wa mikanyago michache tu. Funguo ikitolewa, usukani unaweza kujifunga kabisa. Lita moja ya mafuta haistahili kona hiyo.

Kwa anayekodi

Mama au baba anayekodi gari la mtu hana muda wa kushika viungo. Anao muda wa kuzunguka gari mara moja. Atazame matairi ya mbele kama yamelika upande. Atazame kama kuna mafuta yanayotiririka nyuma ya gurudumu. Amwombe dereva auchezeshe usukani gari likiwa limesimama, aone unazunguka bure kiasi gani. Dereva mwenye gari zima haoni shida, anayekasirika ameshajibu.

Atazame pia mzigo. Mikungu ya ndizi na magunia yakirundikwa nyuma kabisa, sehemu ya mbele hunyanyuka, magurudumu yanayoongoza yanaigusa barabara kwa uzito mdogo, na usukani unakuwa mwepesi mno. Kwenye barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo, yenye malori ya mizigo ya nchi jirani, upepo wa lori moja linalopishana na gari la aina hiyo unatosha kulisogeza.

Mtoto akae nyuma na afungwe mkanda kama upo. WHO linakadiria kuwa mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa abiria hadi nusu. Mjamzito aupitishe mkanda wa chini kwenye nyonga, chini ya tumbo, na ule wa begani katikati ya matiti. Mabenchi ya pembeni ya Land Rover za zamani, yanayowaketisha abiria wakitazamana, hayamshikilii mtu kwa mbele wala kwa nyuma gari likisimama ghafla. Mtoto asikae hapo ikiwa kuna kiti kinachotazama mbele.

Na usukani ukianza kutikisika kwa nguvu safarini, dereva asikanyage breki kwa ghafla wala asipambane kuuzuia kwa kuukata kulia na kushoto. Aushike imara kwa mikono yote miwili, dole gumba likae nje ya mduara ili lisivunjwe na mikono ya usukani, aondoe mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lipoteze mwendo lenyewe hadi asogee pembeni. Likisimama, azunguke magurudumu ya mbele aguse nati moja moja. Iliyolegea mara nyingi ina mstari mpya wa kutu, au duara la chuma kinachong’aa pale ilipokuwa ikijisugua.